Somo: Kuandaa gari kwa ajili ya kukwama, siyo kwa ajili ya kwenda tu

Habari zenu ndugu zangu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, nilikuwa kwenye foleni ile na mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wawili. Tulilala ndani ya gari siku mbili. Gari lenyewe lilikuwa zima: lilikuwa limetoka kwa fundi wiki iliyotangulia, oili mpya, pedi mpya za breki. Halikuharibika kitu, na bado tulihangaika sana. Maji ya kunywa yaliisha jioni ya kwanza, betri ikafa siku ya pili kwa sababu ya kuchaji simu, na dawa za presha za mama zilikuwa kwenye begi lililotangulia Lindi kwa basi.

Tangu siku ile nimebadilisha kabisa namna ninavyoandaa gari. Wengi wetu tunamuuliza fundi kama gari litafika. Mimi sasa najiuliza: likisimama hapo porini siku mbili, ndani yake watu watakuwa salama? Hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Betri

Naanza na betri kwa sababu ndiyo iliyotuangusha. Nunua mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari, likiwa limelala usiku mzima. Betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu, na ikishuka chini ya 12 imeisha hata kama bado inawasha taa za dashibodi. Kisha washa injini upime tena: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki palepale ilipokuwa kabla ya kuwasha, alteneta haichaji, usisafiri.

Angalia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, safisha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha vizuri, rudisha chanya kwanza, kaza, paka grisi. Joto letu la Pwani linachosha betri haraka. Yangu ikifika miaka mitatu naibadilisha bila kusubiri inikatae.

Beba waya zako za kubusti, yaani za kuazima umeme kwenye betri ya gari jingine, nene. Na hapa ndipo nataka msome taratibu. Kwenye foleni ya barabara kuu, jirani yako mara nyingi ni lori au basi, na magari hayo makubwa mengi ni ya volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa pamoja. Ukiunganisha gari lako dogo la volti 12, kama IST, kwenye ncha mbili za mwisho unalichomea vifaa. Dereva wa lori aliyetusaidia alizima injini yake, akachukua umeme kwenye betri moja tu, ile ambayo hasi yake imeshuka kwenye chasi. Utaratibu ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima; nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Kama hamna uhakika ni betri ipi, subirini gari dogo.

Hatua ya 2: Upozaji

Gari likitembea linapata upepo. Likisimama kwenye foleni na injini inanguruma, linategemea feni peke yake, kwa hiyo gari ambalo halijawahi kuchemsha njiani linaweza kuchemsha likiwa limesimama. Jaribu nyumbani: liache linanguruma bila kiyoyozi mpaka usikie feni inawaka yenyewe na kuzima. Isipowaka na mshale wa joto unapanda, zima, mpelekee fundi.

Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya kisima ya huku kwetu yana chumvi, na chumvi inakula rejeta kutokea ndani. Bonyeza hozi kwa vidole injini ikiwa baridi: ikiwa laini kama ndizi mbivu au ina nyufa, badilisha. Na mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Maji ya mle ndani yamebanwa, yana joto la kupita nyuzi 100, na ukiyapa nafasi yanaruka usoni.

Hatua ya 3: Matairi na spea

Pima upepo wa spea unapopima mengine. Kibandiko cha vipimo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Soma pia tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea nyingi za magari yaliyotumika kutoka Japani zina vipira vizima na umri wa kustaafu.

Kisha fanya zoezi. Toa jeki, badilisha tairi mwenyewe, uwanjani kwako, mchana. Utagundua kama wili spana inaingia na kama nati zilikazwa na mashine kiasi kwamba hazifunguki. Weka kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki, maana kwenye tope jeki inazama yenyewe.

Hatua ya 4: Mafuta

Tangi likifika nusu, unajaza. Njia ya Kusini najaza Kibiti au Ikwiriri, kabla ya Daraja la Mkapa, halafu tena Nangurukuru. Petroli kwenye dumu ndani ya gari lenye watoto, hapana. Mvuke wake unalewesha, na cheche moja inatosha.

Hatua ya 5: Vitu vya kwenye buti

Maji kwanza. Mimi nahesabu lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na matumizi madogo. Sisi watano kwa siku mbili ni lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Ni mzigo, lakini njia yenye mito inayofurika sitoki bila hayo. Chakula kiwe kisichohitaji moto: tende, karanga, biskuti, kashata.

Halafu giza na mbu, ambavyo hakuna aliyeniambia. Ukifungua vioo unaliwa. Ukifunga unakosa hewa. Sasa nina vipande vya chandarua nilivyovikata saizi ya madirisha, vinabanwa na mlango. Khanga na shuka, tochi ya kichwa, na dawa ya kupaka ya mbu.

Vya gari: pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto wenye mshale kwenye kijani, kamba nene ya kuvutia, jembe dogo, fyuzi za akiba, glavu, koti la kuakisi mwanga. Pembetatu ziweke mbali, hatua mia moja kwenye barabara ya mwendo kasi. Hata ukiongeza matawi kama tulivyozoea, ukiondoka yatoe; matawi yaliyoachwa usiku yamesababisha ajali nyingine.

Na fedha taslimu za noti ndogo. Mtandao wa simu ukipotea, pesa zote za kwenye simu hazinunui hata muhogo.

Hatua ya 6: Maji yanapopita juu ya barabara

Hapa hakuna kifaa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuelesha gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kubeba magari mengi, hata yale ya juu. Na huoni kama lami iliyo chini bado ipo. Wa Dar tunajua Jangwani, lile bonde linalofurika: kila masika kuna anayejaribu. Injini ikivuta maji ikazima, usipige stata tena, utapinda koneti rodi, vyuma vinavyoshika pistoni ndani ya injini. Gari likianza kuelea, fungua mkanda, fungua dirisha mara moja kabla umeme haujakatika, tokeni. Dirisha likigoma, vunja kioo cha pembeni kwenye kona yake. Cha mbele kina tabaka la plastiki, hakivunjiki kirahisi.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa IST, Mbagala:* Mkuu, usiku joto kali, naweza kulala na AC imewaka?

Gari dogo likinguruma linakunywa takriban lita moja kwa saa, AC inaongeza. Usiku mmoja umemaliza lita kumi. Lakini kubwa ni moshi. Bomba la eksozi likiwa karibu na tope, majani au maji, moshi unarudi ndani, na ule wa kuua hauna harufu. Washa dakika kumi, watoto wapoe, zima, fungua vioo vyenye chandarua. Usilale injini ikiwa imewaka.

*Dada wa Kilwa Masoko:* Shikamoo kaka. Mimi nati sina nguvu za kuzifungua, mwili mdogo. Nifanyeje nikiwa peke yangu?

Marahaba dada. Legeza nati tairi likiwa bado chini, kabla ya kupandisha jeki. Beba bomba la chuma la nusu mita linaloingia kwenye mkono wa spana. Urefu ule unakupa nguvu. Elekeza mkono wa spana kushoto, uwe sawa na ardhi, kisha kandamiza chini kwa mguu huku umeshika gari. Na kila fundi akikufungia tairi kwa mashine, mwambie alegeze akaze kwa mkono mbele yako. Ni haki yako.

*Mwanachama, Mtwara:* Gari langu ni otomatiki. Betri ikifa tulisukume?

Haliwaki kwa kusukumwa, mtachoka bure. Na kuvutwa kwa kamba umbali mrefu kunaweza kuua giaboksi, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu ya mafuta ya gia haifanyi kazi. Kutolewa topeni mita chache, gia ikiwa N, sawa. Zaidi ya hapo tafuta gari la kubeba. Tafuta leo ile ndoano ya kuvutia; mara nyingi ipo pamoja na jeki, na inafungwa kwenye tundu lililofunikwa na kidude cha plastiki kwenye bampa. Msifunge kamba kwenye mikono ya tairi.

*Kijana wa Temeke:* Kaka, hela sina ya vyote. Nianze na nini?

Dumu la maji, upepo kwenye spea, tochi. Hivyo vitatu vinawezekana wiki hii. Waya za kubusti mwezi ujao. Powabenki ukinunua usiiache garini juani, wala dawa. Joto la ndani ya gari lililofungwa linaziharibu zote. Mfuko wake ukae mlangoni nyumbani, uondoke nao.

*Mama wa watoto watatu, Ikwiriri:* Pole sana mwanangu. Na mama yako, dawa alizipata?

Asante mama. Siku ya pili asubuhi kijana wa bodaboda alimpitisha njia ya vichochoroni mpaka kwenye zahanati. Wakampima, presha imepanda. Wakamuuliza anatumia dawa gani, hakukumbuka jina, anajua rangi tu. Ilibidi nimpigie dada yangu Lindi afungue begi amsomee muuguzi, na mtandao ulikuwa unakatika kila sentensi. Sasa majina ya dawa zake na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, moja ipo kwenye kava la kadi ya gari, nyingine ameifunga mwenyewe kwenye pindo la khanga.