Besi isikike hata kwenye simu: namna ya kuipanga ndani ya biti

Biti nyingi za studio za nyumbani zina ugonjwa uleule: kwenye hedifoni besi inatikisa, kwenye simu haipo, na ukumbini inafunika sauti ya mwimbaji. Prodyuza akiona hivyo huipandisha besi, na tatizo linazidi. Besi inahitaji nafasi kwanza.

Anza na chumba. Ukuta na ukuta vikiwa na umbali wa mita 3, wimbi la karibu 57 Hz (mitetemo 57 kwa sekunde) linasimama kati ya kuta hizo: ukikaa sehemu moja unalisikia kubwa mno, ukisogea linatoweka. Usiweke spika kwenye kona, maana kona huongeza besi ya uongo. Kaa theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani, kisha hakiki kwa hedifoni.

Pili, tafuta noti. Nyuzi nne za gita la besi zikiwa wazi hutoa takriban 41, 55, 73 na 98 Hz. Kiki, yaani ngoma ya mguu, nayo hukaa sana kati ya 50 na 80. Ndiyo maana hugombana. Ukitumia kiki ndefu ya Roland TR-808, mashine iliyotoka 1980, kumbuka kwamba ina noti yake, na isipokubaliana na ufunguo wa wimbo, wimbo mzima utasikika umekosea. Sikio halitambui vizuri noti za chini sana, kwa hiyo ipandishe oktava moja au mbili (noti ileile, ila ya juu zaidi), ipatanishe na kinanda, halafu irudishe chini.

Sasa safisha. Kwenye ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za chini, za kati au za juu, kata sauti ya mwimbaji chini ya 80 hadi 100 Hz, gita na kinanda chini ya 120 au 150. Besi yenyewe ikate chini ya 30: huko karibu hakuna cha kusikia, ila nguvu ya spika inaliwa bure.

Kisha amua nani akae chini kabisa. Kiki ikiwa na uzito kwenye 60, punguza besi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 hapohapo na uiongeze kidogo kwenye 90 au 100. Besi ikiwa ndiyo ya chini, chagua kiki fupi yenye mlio wa kugonga kwenye 2,000 hadi 4,000 Hz. Vyote viwili vikitaka kuwa chini, utapata ukungu tu.

Hapo ndipo inapoingia kompresa, kifaa cha kubana sauti, inayoamrishwa na kiki, ile prodyuza wanayoiita saidicheni. Iweke kwenye besi, ianze kubana ndani ya milisekunde 1 hadi 5, ipunguze desibeli 3 hadi 5. Muda wa kuachia, yaani wa besi kurudi baada ya kubanwa, ndio unaokosewa zaidi. Kwa biti ya mapigo 112 kwa dakika, pigo hadi pigo ni kama milisekunde 535, hivyo 150 inatosha. Singeli, muziki wa kasi wa Tanzania, inapita mapigo 200, na pengo ni milisekunde 300 au pungufu. Acha 150 ileile na besi itakuwa inarudi huku kiki nyingine imeshafika. Shuka hadi 60 au 80, na noti za besi uzifupishe. Wapiga besi wa rumba ya Kongo hufanya hivyo kwa vidole: noti chache, kimya, kisha wanarudi, na ukimya huo ndio unaochezesha kiuno.

Kuhusu simu: spika yake ndogo haiwezi kutoa 50 Hz. Lakini noti ya 50 ina wenzake kwenye 100, 150, 200 na 250, na ubongo ukisikia hao wa juu hujaza wenyewe wa chini. Nakili besi kwenye traki ya pili, nakala hiyo ikate chini ya 200, ikwaruze kwa saturesheni (kifaa kinachoongeza mkwaruzo kwenye sauti), halafu ipandishe polepole mpaka uisikie kwenye simu. Baada ya kuiongeza, geuza polariti ya nakala hiyo, yaani wimbi lake lipinduliwe juu chini. Besi ikinenepa, iache imegeuzwa, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanafutana.

Yote yaliyo chini ya 120 Hz yawe mono, yaani sawasawa kwenye spika ya kushoto na ya kulia. Mwisho, shusha sauti mpaka iwe kama mazungumzo ya kawaida. Besi ikipotea kabla ya mwimbaji, rudi kwenye traki ya pili. Ikibaki peke yake, punguza desibeli 1 na usikilize tena.