Kabla ya kuomba leseni ya kubeba bastola New York: kwa Wazanzibari walioko huko na jamaa zao huku

Hapa Unguja na Pemba bunduki ni kitu cha askari. Mtu anaweza kuzaliwa, akasoma, akaoa na akazeeka asiwahi kuigusa. Ndiyo maana kijana wetu aliyeko New York anapopiga simu kusema anataka kuomba leseni ya kutembea na bastola iliyofichwa, nyumba nzima hushtuka, na nasaha anayopewa ni moja tu: achana nayo. Hofu hiyo naielewa, lakini haimsaidii mtu anayefunga duka Bronx saa saba ya usiku akiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni. Anahitaji kuelezwa mambo yanavyokwenda. Na sisi tuliobaki huku tunahitaji kuyajua, maana baadhi ya karatasi atakazotakiwa zitatoka hapa.

Kwa miongo mingi, chini ya sheria ya mwaka 1911 inayoitwa Sullivan na mabadiliko yaliyoifuata, mkaazi wa New York aliyetaka kubeba bastola alilazimika kuonesha kwamba ana sababu ya pekee isiyokuwa ya kila mtu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Bruen, ililifuta sharti hilo. Habari ilifika huku ikiwa nusu: watu walisikia kwamba sasa kila mtu anapewa. Nusu ya pili ni kwamba jimbo la New York lilitunga sheria mpya haraka, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na palipoondoka swali moja yakaja mengi. Ndani ya Jiji la New York anayeamua ni polisi wa jiji, NYPD, kupitia idara yao ya leseni. Hata aliyepewa leseni sehemu nyingine ya jimbo hilo haruhusiwi kuingia nayo jijini bila idhini ya polisi hao.

Kabla ya kugusa fomu, tazama umeingia Marekani kwa karatasi gani. Sheria ya shirikisho, yaani ile ya Marekani nzima, inamkataza asiye na ukaazi halali kuwa na bunduki, na hata risasi moja. Inamkataza pia aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mtalii, ila kwa vighairi vichache kama kile cha mwenye leseni ya uwindaji, na kighairi hicho hakimpi mtu ruhusa ya kutembea na bastola jijini. Kwa watu wa namna hii, hata kuishika bastola ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha, kwa dakika chache za kujifurahisha, kunaweza kuhesabiwa kosa. Mwenye grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuomba, hata kama aliipata kwa bahati nasibu. Umri ni miaka 21 kwenda juu.

Ruhusa hiyo isimpumbaze mwenye grinkadi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu kinachosema kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Haijalishi amekaa huko miaka ishirini au watoto wake wote wamezaliwa huko. Raia akifanya kosa hilohilo ataadhibiwa, kisha atarudi kwake. Mwenye grinkadi anaweza kumaliza kifungo na kupandishwa ndege, na sisi tukampokea uwanjani Kisauni akiwa na begi moja, mke na watoto kawaacha nyuma. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kwenye jambo la silaha weupe wake unaonekana kutoka mbali zaidi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na sitaificha: kama uraia uko karibu, maliza uraia kwanza. Kwa kawaida mwenye grinkadi huomba uraia baada ya miaka mitano, au mitatu akiwa ameoa au kuolewa na raia na wanaishi pamoja. Miaka hiyo ipite bila bastola. Makosa mengi yanayowafikisha watu mahakamani hayafanywi na majambazi. Hufanywa na mtu mwenye leseni halali aliyesahau kwamba leo anapita mahali ambapo hairuhusiwi. Raia anaweza kuhimili msukosuko wa kusahau namna hiyo. Asiye raia anaweka rehani maisha yake yote.

Kuna jambo watu wetu hawapendi kulitaja. Sheria ya shirikisho inamkataza bunduki mtu anayetumia dawa zilizopigwa marufuku. Bangi inauzwa madukani New York, na jimbo limeihalalisha, lakini kwa sheria ya shirikisho imebaki marufuku, na fomu ya kununulia bunduki inaliuliza hilo waziwazi. Mirungi nayo imo. Yule anayedhani majani yanayotafunwa Nairobi hadharani hayawezi kuwa tatizo Marekani ajue kwamba kathinoni, kemikali iliyomo ndani yake, imewekwa huko katika daraja moja na heroini. Mtu wa mirungi asiombe leseni hii, basi.

Tuje kwenye karatasi, kwani hapa ndipo jamaa wa nyumbani wanapoingia. Asiye raia ambaye hajatimiza miaka saba Marekani hutakiwa na idara ya leseni ya NYPD kuleta cheti cha tabia njema kutoka nchi aliyotoka, pamoja na barua mbili za watu wanaomjua tabia. Cheti hicho kinatoka Jeshi la Polisi la Tanzania, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano, na hutolewa kwa kuangalia alama za vidole. Barua ya sheha, hata iwe na muhuri mzuri namna gani, haisimami badala yake. Sheha anaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mtoto wa shehia yake. Rekodi ya jinai si kazi yake.

Balaa kubwa ni majina. Huku kwetu Juma mtoto wa Haji, mjukuu wa Makame, ni Juma Haji Makame, na mwanawe Ali ni Ali Juma Haji. Marekani jina la mwisho huchukuliwa kuwa la ukoo, kwa hiyo baba anaonekana ni wa ukoo wa Makame na mtoto wa ukoo wa Haji, na mke, ambaye hakubadilisha jina lake kwa sababu kwetu mke habadilishi, anaonekana mtu mwengine kabisa. Ongeza tahajia: Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamis kwenye pasipoti, Hamisi kwenye cheti cha skuli. Ongeza tarehe ya kuzaliwa kwa mtu aliyesajiliwa akiwa mkubwa, mama akakadiria kwa msimu wa karafuu. Kila tofauti ni swali, na mpelelezi wa leseni ana haki ya kuuliza yupi kati ya hawa ndiye wewe.

Zitandaze karatasi zote mezani kabla ya kuomba: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, grinkadi au cheti cha uraia, leseni ya udereva, cheti cha ndoa. Jina lisome herufi kwa herufi. Penye hitilafu ya cheti cha kuzaliwa, ndugu aliyeko huku aende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar aulize utaratibu wa kurekebisha. Penye tofauti isiyorekebishika, weka hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja, na karatasi iliyoandikwa Kiswahili ipelekwe pamoja na tafsiri. Kazi hii ni ya miezi, hasa ikiwa karatasi ziko Wete au Mkoani na mwenye kuzifuatilia anaishi Unguja. Ianze mapema, wala msimsumbue kijana kwa kumwambia "inshallah kesho" kila wiki. Mwambieni ilipofika.

Baada ya karatasi huja yaliyopita. Fomu ya New York inauliza kama umewahi kukamatwa, siyo tu kama uliwahi kufungwa. Kesi iliyofutwa, kesi iliyofungiwa rekodi, usiku mmoja kituoni kwa ugomvi wa jirani, vyote huandikwa, na mahakama iliyosikiliza shauri huombwa karatasi ya namna lilivyomalizika. Vijana wengi hunyimwa leseni kwa kuficha kitu kidogo ambacho kisingewazuia kama wangekitaja. Ugomvi wa ndani ya nyumba ni habari nyingine: aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake, hata kwa kosa linalohesabika dogo, amekatazwa bunduki na sheria ya shirikisho, na kadhalika aliye chini ya amri ya mahakama ya kutomsogelea mwenza wake.

Nyumba yako nayo itaulizwa. Unatakiwa kutaja mke au mume, watu wazima wote mnaoishi nao, na kama kuna watoto. Nyumba zetu za ughaibuni hazikosi mgeni: shemeji aliyefikia kwa muda, mpwa anayesoma, ami aliyekuja kutibiwa. Wote hao wanahusika, na aliyekatazwa silaha kwa ajili ya viza yake asiweze kabisa kuifikia ya kwako. Usiombe leseni bila mkeo kujua. Akiulizwa na ofisa akasema hajui kitu, ombi limeharibika, na zaidi ya ombi, amani ya nyumba imeharibika. Sheria inataka pia wadhamini wanne wa tabia. Usiwajaze ndugu watupu. Mtafute mwajiri, jirani wa siku nyingi, imamu anayekujua kwa sura na mwenendo, watu watakaopokea simu na kusema kitu kimoja kinachoeleweka.

Mafunzo na fedha havina siri. Masomo ni saa 16 darasani na saa 2 za kulenga shabaha kwa risasi za kweli, na mtihani wa maandishi hupasiwa kwa asilimia 80. Ada ya jiji ni dola 340, alama za vidole zina malipo yake, darasa lina lake, na ukikataliwa ada hairudi. Kuna mahojiano ya ana kwa ana. Leseni ya jiji hudumu miaka mitatu, kisha unaiomba upya.

Sasa swali ambalo lingefaa kuja kwanza, ila watu hulifikiria mwisho: utaibeba wapi? Sheria ya 2022 imeorodhesha mahali ambapo hata mwenye leseni haruhusiwi kuingia na silaha. Skuli na vyuo, hospitali, mahakama na ofisi za serikali, maktaba, bustani za umma, mahali panapouzwa pombe ya kunywea hapohapo, maandamano, eneo la Times Square, misikiti na makanisa isipokuwa kwa waliopewa jukumu la ulinzi wa mahali hapo, na usafiri wa umma, yaani treni za chini ya ardhi na mabasi. Kuvunja katazo hili ni kosa la jinai lile zito, kwa mwenye leseni vilevile.

Fikiria maisha ya watu wetu huko. Yule wa Bronx hana gari. Anakwenda dukani kwa treni na anarudi kwa treni. Ijumaa anapita msikitini. Mtoto anamchukua skuli. Leseni aliyoihangaikia mwaka mzima haimruhusu kuifanya hata moja ya safari hizo akiwa na bastola. Kinachomfaa, kama kweli hatari iko dukani, ni leseni ya bastola inayobaki dukani penyewe, kwani jiji lina leseni za mahali maalumu, nyumbani au kwenye biashara, mbali na ile ya kubeba. Na kabla ya hiyo, kamera, mlango wa chuma, na kuacha kutembea na mauzo mkononi usiku vinaweza kuondoa shida yote kwa fedha ndogo zaidi.

Mto Hudson nao ni mpaka wa kweli. Ukivuka kwenda arusini New Jersey umeingia jimbo lisilotambua leseni ya New York, na kukamatwa huko na bastola bila kibali chao ni kosa ambalo kifungo chake ni kati ya miaka mitano na kumi. Bwana arusi atangoja bure.

Nyumbani, penye mtoto chini ya miaka 18, bastola isiyokuwa mikononi mwako lazima ifungiwe kwa kufuli. Ndivyo sheria ya jimbo inavyotaka. Sanduku la chuma linunuliwe kabla ya bastola, na ufunguo usiwekwe juu ya kabati, maana watoto wanajua kila kinachowekwa juu ya kabati.

Na mnapokuja likizo, silaha isifikiriwe kabisa kwenye safari, wala kitu chake chochote. Risasi moja iliyosahaulika ndani ya mkoba inatosha kukuzuia uwanja wa ndege wa huko, na ikipenya hadi hapa utakuwa na risasi bila kibali ndani ya Tanzania. Mkoba unaokwenda nao uwanja wa shabaha usisafiri. Nunua begi jingine la nguo na zawadi.