Ndimu ya dali ikamuliwe mezani

Mama mjamzito unayependa dali ya Kihindi (mchuzi mzito wa adesi au choroko), kamua nusu ndimu kwenye sahani yako dali ikishaipuliwa, siyo sufuriani ikichemka. Chuma (madini ya kuongeza damu) cha adesi, choroko na mchicha hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Vitamini C ya ndimu hukisaidia kupenya kwenye utumbo, lakini moto huiharibu. Nyumba nyingi za India huiunga dali kwa bizari nyembamba na kitunguu saumu vilivyokaangwa kwenye samli, halafu ndimu huja mwisho, na mpangilio huo una faida kweli.

Kinachoharibu kazi yote ni chai. Ukishushia mlo kwa chai ya maziwa, majani ya chai yanazuia chuma kile kile ulichokihangaikia. Subiri walau saa moja. Vidonge vya kalsiamu navyo vimeze wakati mwingine. Kama ndimu inakuletea kiungulia (miezi ya mwisho ni kawaida), kula pera lililoiva badala yake. Na ukiambiwa kliniki damu imepungua, ndimu haichukui nafasi ya vidonge vya chuma: endelea navyo.