LinuxCNC ikianza kuzingua: anzia wapi kabla hujagusa faili la INI

Watu wengi nawaona wanahangaika na LinuxCNC kwa staili moja: mashine ikikata ovyo tu wanakimbilia faili la INI (faili la mipangilio ya mashine), wanapunguza spidi, wanabadilisha namba hii na ile, wanasevu, wanajaribu tena, mpaka jioni hawajui hata namba ya mwanzo ilikuwa ngapi. Siwacheki, mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili hivyo hivyo kwenye ruta ya mbao pale Keko, Dar es Salaam, meza ya mita 1.2 kwa 2.4, kumbe waya wa spindo na waya wa limiti swichi walikuwa wamelala mfereji mmoja. Siku hizi nafuata mpangilio, na ndio huu.

Kwa mgeni tu kidogo. LinuxCNC ni programu ya bure ya kuendesha mill, lathe, ruta, plazma na kadhalika. Ilizaliwa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, miaka ya 1990 ikiitwa EMC, jina likabadilishwa 2011 sababu kulikuwa na kampuni kubwa inaitwa EMC. Kodi iko wazi, kwa hiyo unaigeuza utakavyo, na ukiiharibu umeiharibu mwenyewe, hakuna wa kumpigia simu. Ndio maana kitu cha kwanza kabisa ni kopi:

cp -r ~/linuxcnc/configs/ruta ~/linuxcnc/configs/ruta-nzima

Sekunde mbili tu hizo. Fanya.

Sasa kabla hujafungua chochote, kaa uiangalie kazi iliyoharibika, sababu kosa lenyewe linakuambia limetoka wapi. Chukua dayo geji (geji ya mshale ya kupimia mwendo mdogo), ifunge kwenye meza, andika programu fupi inayopeleka mhimili kwenda na kurudi mara 200, mwisho irudi pale pale ilipoanzia, halafu soma geji. Kama imekosea kiasi kile kile iwe umerudia mara 10 au mara 200, hiyo ni baklashi, kuna kitu kinacheza, skrubu, nati, kapulingi, nenda na spana usiende na kibodi. Kama kosa linaongezeka kadiri unavyorudia na siku zote linaelekea upande mmoja, hapo mashaka yangu ni taiming ya stepu na mwelekeo, yaani draiva (kifaa kinachoendesha mota) inapokea amri ya kugeuza mwelekeo karibu mno na pigo la stepu, basi kila inapogeuka inakosea stepu moja. Dawa yake ni kuongeza DIRSETUP na DIRHOLD (muda unaoachwa kati ya amri ya mwelekeo na pigo la stepu) kulingana na karatasi ya draiva yako, au kugeuza alama ya pini ya stepu, maana draiva nyingine zinasoma pigo likipanda na nyingine likishuka. Na kama inaruka ghafla, leo milimita 3 kesho hamna, mara nyingi baada ya mwendo wa kasi wa G0, hapo mota imezidiwa: akselerasheni kubwa, volti ndogo, au reli imejaa vumbi la mbao na mafuta yameganda kama uji.

Haya makosa matatu watu wanayaita jina moja, "inapoteza stepu", na ndio maana wanapeana dawa ambazo hazifanyi kazi.

Baada ya hapo ndio kompyuta. LinuxCNC inategemea kompyuta iitikie kwa wakati, siyo iwe na nguvu. Kompyuta ya bei mbaya ya gemu inaweza kushindwa na kadesktopu ka ofisini ka mtumba, na laptopu kwa kweli achana nazo, bayosi zake zinaiba muda kimya kimya kushughulikia betri na feni na huwezi kuzizuia. Kwanza hakikisha umebuti keneli sahihi, andika:

uname -v

Ukiona PREEMPT_RT uko sawa. Ukiona PREEMPT_DYNAMIC umebuti keneli ya kawaida, na hii inawakuta sana waliofanya apdeti jana usiku halafu asubuhi mashine haieleweki. Kisha endesha latency-histogram (inapima kompyuta inachelewa kiasi gani kuitikia), iache ikimbie angalau nusu saa huku unaitesa kompyuta, fungua glxgears, kopi faili kubwa kwenda flashi, buruta madirisha, piga muziki, kila kitu. Angalia ucheleweshaji mkubwa kabisa uliotokea, siyo wastani. Kama unatoa mapigo kwa paraleli poti, chini ya nanosekunde 20,000 ni raha, 30,000 mpaka 50,000 bado unafanya kazi ila spidi itakuwa na kikomo, ukizidi 100,000 hiyo kompyuta siyo ya kutoa mapigo. Usiitupe lakini, ukiiwekea kadi kama za Mesa mapigo yanatengenezwa kwenye kadi, kompyuta inabaki na uzi wa servo tu, yaani kazi inayojirudia kila milisekunde 1, hapo hata 100,000 inavumilika.

Namba ikiwa mbaya ingia kwenye bayosi, zima C-states na SpeedStep (za kuokoa umeme), zima hyperthreading. Halafu kwenye /etc/default/grub ongeza isolcpus, inayotenga kori kwa ajili ya LinuxCNC. Kwa prosesa ya kori 2 inakuwa hivi:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet isolcpus=1"

kisha sudo update-grub na uwashe upya. Kori zinahesabiwa kuanzia 0 kwa hiyo 1 ndio ya pili, na kama una kori 4 weka isolcpus=2,3. Yangu bila hii ilikuwa inaruka hovyo kila nikifungua folda, nilipoweka ikatulia. Jambo lingine, ule ujumbe wa "Unexpected realtime delay" unatokea mara moja tu kila ukiwasha programu, kwa hiyo usipouona tena usidhani umepona.

Hapo kwenye spidi tupige hesabu maana wengi wanaweka namba ya kutamani. Mota ya stepu 200, draiva kwenye maikrostepu 8, skrubu ya milimita 5: 200 mara 8 gawa kwa 5 unapata 320, hiyo ndio SCALE, stepu 320 kwa milimita. Base period, yaani muda wa mzunguko mmoja wa kutoa mapigo, ikiwa nanosekunde 50,000 paraleli poti inatoa stepu 20,000 kwa sekunde, tena hapo ni ukitumia ile reset (inashusha pini ya stepu ndani ya mzunguko ule ule) ambayo Stepconf, programu ya kutengeneza mipangilio, inaiweka yenyewe, bila hiyo gawa kwa mbili. 20,000 gawa kwa 320 ni milimita 62.5 kwa sekunde. Basi. Ukiandika MAX_VELOCITY ya 100 umejidanganya, na malipo yake ni huu ujumbe:

joint 0 following error

Huu ujumbe unachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Mtu anauliza, mashine yangu haina enkoda, imejuaje kwamba mota imebaki nyuma? Jibu ni kwamba haijui. Kwenye mashine ya stepa isiyo na enkoda, LinuxCNC inalinganisha mahali ilipoamuru na idadi ya mapigo ambayo jenereta ya stepu imefanikiwa kutoa, mota yenyewe haimo kwenye hayo mazungumzo. Mota inaweza kuwa imekwama kwenye mti wa mninga inalia na skrini ikakuonyesha kila kitu safi. Kwa hiyo following error kwenye stepa maana yake ni hesabu: ama spidi imezidi uwezo wa base period, ama STEPGEN_MAXACCEL (akselerasheni ya juu ya jenereta ya stepu) haina nafasi ya ziada. Iweke juu ya MAX_ACCELERATION kwa asilimia 25 hivi, mfano akselerasheni 400 basi STEPGEN_MAXACCEL 500. Ukitaka kuona kwa macho fungua halscope (inachora signali kama grafu) kutoka menyu ya Machine, chagua joint.0.f-error, endesha mhimili uone kilima kinapanda wapi. Kuongeza FERROR (kikomo cha kosa linaloruhusiwa) ili ujumbe upotee ni sawa na kuziba taa ya oili kwa gundi.

Sasa umeme, huyu ndiye mchawi wangu wa Keko. Dalili: mashine imetulia siku nzima, ukiwasha spindo tu au ikifika kasi fulani, skrini inasema limiti imeguswa na hakuna kilichoguswa. VFD (kidhibiti spidi cha spindo) inatupa kelele za umeme kila mahali. Fungua halmeter (inaonyesha hali ya pini moja), chagua pini ya swichi mfano parport.0.pin-10-in, washa spindo, angalia kama inapepesa. Kelele fupi sana halmeter haitaikamata, tumia halscope. Dawa ya kweli iko kwenye waya: tenganisha njia ya spindo na njia ya swichi, waya wa spindo uwe wa shildi na shildi ifungwe ethi, waya za swichi shildi ifungwe upande mmoja tu wa kwenye boksi, swichi ziwe za kawaida-fungwa ili waya ukikatika mashine isimame, na kama bodi yako inaruhusu tumia volti 24 badala ya 5. Duka moja lilinijazia boksi zima kwa waya wa simu, nisiseme zaidi.

Ukishafanya hayo ndio unaongeza debounce (kichujio cha kelele fupi) kwenye programu, siyo kabla. Na usiandike kwenye faili kuu la HAL (linalounganisha pini na programu), maana siku ukifungua tena Stepconf na kusevu, inaliandika upya na kazi yako imekwenda. Andika kwenye custom.hal, hilo Stepconf hailigusi:

loadrt debounce cfg=1
addf debounce.0 servo-thread
setp debounce.0.delay 5
unlinkp parport.0.pin-10-in
net x-chafu parport.0.pin-10-in => debounce.0.0.in
net both-home-x debounce.0.0.out

Jina both-home-x ni la kwangu, wewe tazama kwenye faili lako kuu signali inaitwaje, na kama pini yako imegeuzwa itakuwa na -not mwishoni. Delay 5 kwenye uzi wa milisekunde 1 ni milisekunde 5, na ukitafuta homu (sehemu ya kuanzia ya mhimili) kwa mwendo wa mwisho wa milimita 1 kwa sekunde hiyo ni 0.005 ya milimita, kwenye mbao nani atajua.

Ruta zenye mota mbili za Y ndio hapa watu wanaponitafuta. Usiunganishe draiva mbili pini moja ukaridhika, zipe jointi mbili, kila mota na jointi yake. Kwenye INI:

KINEMATICS = trivkins coordinates=XYYZ kinstype=BOTH

na kwenye sehemu ya TRAJ ya INI hiyo hiyo weka COORDINATES = XYYZ. Jointi 0 ni X, 1 na 2 zote Y, 3 ni Z. Jointi 1 na 2 kila moja iwe na swichi yake, zote mbili wape HOME_SEQUENCE = -1, hiyo alama ya kutoa ndio inazifanya zimalize mwendo wa mwisho wa homu pamoja. Z ipe 0 ili ipande kwanza isije ikaburuta kisu kwenye ubao. Halafu pima pembe kwa kamba, diagonali kwa diagonali, tofauti iliyopo irekebishe kwa HOME_OFFSET ya jointi moja, taratibu, nusu milimita nusu milimita. Ukiona inapinda zaidi umeenda upande siyo, geuza alama.

Vitufe navyo ni rahisi. Hakikisha sehemu ya HAL kwenye INI ina HALUI = halui (inayoruhusu vitufe kuiamuru programu), kisha kwenye custom.hal:

net kitufe-pauzi parport.0.pin-13-in => halui.program.pause

Kumbuka pauzi inasimamisha mwendo tu, spindo inaendelea kuzunguka, usiingize mkono. Na kitufe chekundu cha dharura hakipiti humu kabisa, hicho kikate umeme wa draiva na spindo kwa kontakta, LinuxCNC ipewe taarifa tu.

La mwisho nalolipenda ni M kodi za kwako, M100 mpaka M199. Mimi M110 inawasha kinyonya vumbi, M111 inazima. Unatengeneza faili linaitwa M110, M kubwa, bila .sh wala .txt, ndani:

#!/bin/bash
halcmd setp parport.0.pin-17-out 1
exit 0

Unaliweka kwenye folda ya PROGRAM_PREFIX (iliyotajwa kwenye INI), unapiga chmod +x M110, umemaliza. Ikisema haijui hiyo M kodi basi ni moja ya haya: umesahau chmod, jina lina kiambishi, m ndogo, au uliandika kwa Notepad ya Windows ikaweka mwisho wa mistari wa kwake, pitisha dos2unix. Pini iwe haijaunganishwa na signali nyingine, la sivyo setp itakataa. Na usishtuke kinyonya vumbi kikinguruma chenyewe kompyuta inapobuti, pini za paraleli poti zinarukaruka kabla LinuxCNC haijazishika, mimi nimekiwekea swichi ya ukutani naiwasha baada ya skrini kutulia.