Vile mi humaliza kobe ya mahjong kwa kagemu ka mkononi

Kobe ni ule mpangilio wa vigae vya mahjong vimepangwa vikapandana kama kobe, na unacheza peke yako ukivitoa mpaka viishe. Mi nachezea kwa DS, kagemu ka Nintendo, ya mtumba nilinunua Luthuli, na jam ikishika Thika Road naeza maliza bodi nzima kabla nifike tao. Lakini mwanzo nilikuwa nakwama kila siku, so wacha niwapatie yenye ilinisaidia.

Sheria ni rahisi. Vigae ni 144, yaani pea 72 za picha zinafanana, na unatoa kigae na pacha yake kama hakuna kingine juu yake na upande mmoja uko wazi, kushoto ama kulia. Karibu kila picha iko mara nne. Maua na misimu ndio tofauti, picha zao hazifanani lakini ua lolote linaenda na ua lolote, msimu na msimu, wengi hukaa hapo wakitafuta pacha yenye haiko.

Sasa kobe yenyewe. Juu kabisa kuna kigae kimoja kimekalia vinne, chini yake 16, alafu 36, na chini kabisa 87. Pale kushoto kuna kimoja kimejitokeza na kinafunga safu mbili, kulia viko viwili vimefuatana. Hivyo vya ncha na kile cha juu ndio uanze navyo mapema, hata kama kuna pea tamu inakuita pembeni. Iache, haiendi mahali.

Kenye huua watu ni vigae vitatu vya picha moja vikiwa wazi. Ukiona vyote vinne viko wazi, toa vyote. Ukiona vitatu, tulia kwanza, kwa sababu utachukua viwili na kimoja kitabaki kikingoja cha nne chenye bado kimefichwa. Sasa kama kile umebakisha ndio kimekalia hicho cha nne, umejifungia kabisa, hiki hakitoki bila kile na kile hakitoki bila hiki. So toa vile vinafungua vingi, ubakishe chenye hakizuii kitu.

Skrini ikiwa ndogo ongeza mwangaza, vigae vya mianzi ya 8 na ya 9 vinachanganya sana, na ile ya 1 huchorwa ndege. Joka jeupe mara mingi ni fremu tupu tu, usidhani ni kigae kimeharibika.

Na ukikwama, kama gemu yako inakubali kurudi nyuma, usirudi hatua moja tu, rudi mpaka pale ulichagua kati ya vitatu ujaribu ile pea ingine.