Somo: Kubb, mchezo wa mfalme na vigogo kutoka Gotland

Kubb wa leo una makao yake Gotland, kisiwa cha Uswidi. Mashindano ya dunia yanafanyika huko, Rone, tangu 1995.

Vifaa: vigogo 10 vya mraba (sm 7 × 7, kimo sm 15), mfalme mmoja (sm 9 × 9, kimo sm 30), virungu 6 vya mviringo vyenye urefu wa sm 30 na unene wa sm 4.4, na vigingi 4 vya kuwekwa kwenye pembe za uwanja. Usidanganyike na jina: hapa kigogo ni mnyonge, mwenye cheo ni mfalme.

1. Pima uwanja wa m 8 kwa m 5. Mfalme asimame katikati, vigogo 5 kwenye kila mstari wa nyuma, ule wa m 5.

2. Timu A irushe virungu 6 kulenga vigogo vya timu B, ikiwa nyuma ya mstari wake. Mkono upite chini, kirungu kipinduke ncha kwa ncha. Kikizunguka kama panga boi hakihesabiwi, maana kingefagia vigogo viwili bila shabaha.

3. Vigogo vya B vilivyoanguka, B wavirushe nusu ya A. A wavisimamishe vilipolala. Hapa ndipo mechi huamuliwa: virushe vikae pamoja, kirungu kimoja kiangushe viwili au vitatu. Kigogo kikitoka nje mara mbili, A wanakiweka watakapo katika nusu yao, angalau urefu wa kirungu kutoka kwa mfalme au kigingi. Tegemea kukikuta mahali pabaya.

4. B waangushe kwanza hivyo vya uwanjani, ndipo walenge vya nyuma. Wakibakiza kimoja cha uwanjani, A wanasogea mbele hadi usawa wa kile kilicho karibu zaidi na katikati.

5. Ukimaliza vyote, mlenge mfalme kutoka mstari wa nyuma. Akianguka kabla, umeshindwa papo hapo.

Maswali

– Kirungu kimeangusha cha uwanjani, kikaruka na kuangusha cha nyuma. Vyote halali?
Ikiwa hicho kilikuwa cha mwisho uwanjani, ndiyo. La sivyo cha nyuma kinasimamishwa tena.

– Tuko watatu tu, wakuu.
Mmoja dhidi ya wawili. Virungu ni 6 kwa kila zamu, hata ukiwa peke yako.

– Virungu vyangu vinapasuka nchani.
Mti ni mbichi au laini. Tumia mgumu uliokauka, kisha piga msasa kingo za ncha. Kingo kali ndiyo huanza kumeguka.