Vifaa vya jikoni kwenye nyumba ndogo: anza na kaunta, dukani nenda mwisho

Kazi yangu ni kutengeneza makabati ya jikoni, hasa kwenye zile nyumba ambazo mtu akinyoosha mikono yake miwili anakaribia kugusa kuta zote. Kabla ya kupima ubao namwomba mwenye nyumba afungue kila mlango nione kilichomo. Kifaa kinachotumika hujulikana haraka: vitufe vimefifia, waya umelegea. Kisichotumika nacho hujulikana, maana waya wake bado umefungwa na kile kikamba cha kiwandani. Vingi kati ya hivyo ni vifaa vizuri tu. Vilinunuliwa kabla mtu hajajiuliza vitafanyia kazi wapi.

Utaratibu ninaowapa wateja ni huu. Unachukua kama wiki tatu, na nyingi kati ya siku hizo ni za kungoja.

Hatua ya 1: Pima kaunta, kisha tenga pa kukatia

Chukua tepu. Pima urefu wa kaunta yote, toa sinki, toa jiko. Pima kina, ambacho kwa kaunta nyingi ni sentimita 60, halafu pima kutoka kaunta hadi chini ya kabati la ukutani. Hapo mara nyingi utapata kati ya sentimita 45 na 50. Andika namba zote tatu kwenye simu, utazihitaji dukani.

Sasa tenga sentimita 60 za mfululizo, karibu na sinki ikiwezekana, ambazo hakuna kifaa kitakachokanyaga. Hapo ndipo utakatia, utakandia na kupakulia. Ukibanwa sana shuka hadi 45, lakini usiende chini ya hapo, kwa sababu mtu asiye na pa kuweka ubao wa kukatia huacha kupika, na akiacha kupika vifaa vyote havina maana. Kinachobaki ndicho cha kupangisha. Kwenye jikoni ndogo ni nafasi ya kifaa kimoja, pengine viwili. Kila kinachokaa hapo ni mpangaji, na kodi yake ni kazi.

Watu walianza kuhangaika na jambo hili zamani. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za Frankfurt lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Aliyatazama majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, akafuatilia mwendo wa mpishi kutoka sinki hadi jiko hadi meza. Ubao wa pasi aliufanya ukunjwe ukutani. Ukitazama michoro yake utaona kwamba sehemu ya kufanyia kazi iliwekwa wazi, dirishani, penye mwanga, na vitu vingine vyote vikapangwa kuizunguka.

Hatua ya 2: Andika vitenzi

Bandika karatasi kwenye mlango wa kabati kwa wiki mbili. Kila unapopika, usiandike jina la chakula. Andika ulichokifanya: kuchemsha, kukaanga, kusaga, kukatakata, kuoka, kupasha, kukoroga kwa nguvu. Weka alama moja kwa kila mara.

Majina ya vyakula yanadanganya. Mtu anayependa keki atakuambia anahitaji mashine ya kukorogea unga, lakini karatasi yake itaonyesha kukoroga kwa nguvu mara moja, na kupasha chakula cha jana mara kumi na kitu. Karatasi haina aibu.

Mwisho wa wiki ya pili gawanya. Kitenzi cha kila siku kinastahili kifaa juu ya kaunta. Kitenzi cha mara moja au mbili kwa wiki kinastahili kifaa kabatini, kwenye rafu iliyo kati ya kiuno na bega lako. Cha mara moja kwa mwezi fanya kwa mkono, au azima.

Hapo kuna kipimo kingine: uzito. Kifaa cha kilo tano na zaidi kikiwekwa kwenye kabati la chini, nyuma ya masufuria, hakitatoka. Mashine ya kukorogea ya kusimama inaweza kufika kilo 10 na kuendelea. Kama haina pa kukaa juu ya kaunta, usijidanganye kwamba utaiinua kila wikendi. Ninaweza kukutengenezea rafu ya kuvuta yenye reli, na wengine huitaka, ila reli hizo ni lazima ziwe za uzito huo, na rafu yenyewe inakula nafasi ya masufuria.

Hatua ya 3: Kijenge kwa boksi kwanza

Hii ndiyo hatua ambayo watu huicheka, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote.

Vipimo vya kifaa huandikwa kwenye kasha au kwenye tangazo lake. Tafuta katoni, ikate, ibandike kwa gundi ya karatasi mpaka upate umbo la ukubwa ule ule. Iweke pale kifaa kitakapokaa, uishi nayo wiki moja. Usiisogeze. Ukijikuta unaisukuma pembeni kila unapokata kitunguu, umeshapata jibu.

Ila boksi lenyewe ndilo nusu ya kipimo. Kifaa kina ukubwa mmoja kikiwa kimelala na mwingine kikiwa kazini. Mlango wa maikrowevu unafunguka kuja mbele, karibu wote upande wa kushoto; ukiweka maikrowevu kwenye kona ya kushoto, mlango utagonga ukuta na sahani haitatoka vizuri. Mfuniko wa sufuria ya umeme wenye bawaba unainuka juu, na unaweza kukosa pa kwenda chini ya kabati la ukutani. Jagi la blenda likiwa juu ya mota yake mara nyingi hufika sentimita 40 na zaidi, halafu unahitaji nafasi ya kulichomoa. Kikaangio cha hewa (air fryer) kinavuta hewa na kuitoa ikiwa ya moto, kwa hiyo kinataka nafasi nyuma na juu; kitabu chake cha maelekezo kitakuambia sentimita ngapi. Waya na plagi navyo vinataka nafasi nyuma. Chora yote hayo kwa penseli kuzunguka boksi lako.

Na mvuke. Hapa nasema kama fundi, maana mimi ndiye ninayeitwa baadaye. Makabati mengi ya nyumba ndogo ni ya chipboard au MDF, yaani mbao za chembe au nyuzi za miti zilizogandishwa kwa gundi, zilizofunikwa kwa plastiki nyembamba. Birika la umeme na sufuria ya wali vikitoa mvuke chini ya kabati la ukutani kila siku, maji hupenya kwenye ukingo, ubao huvimba, plastiki hubanduka, na ubao ukishavimba haurudi. Kifaa cha mvuke kivutwe hadi ukingo wa mbele wa kaunta kinapofanya kazi, au kikae mahali pasipo na kabati juu. Presha kuka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapoachia mvuke inaupiga juu kwa nguvu. Valvu yake ielekee mbali na ubao, na mbali na uso wako.

Hatua ya 4: Hesabu umeme kabla ya kuhesabu fedha

Nyuma au chini ya kila kifaa kuna namba ya wati. Gawanya kwa volti za umeme wako, upate ampea. Birika la wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9.6. Kikaangio cha hewa cha wati 1,500 kinavuta 6.5. Ukivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja ya ampea 13 na kuviwasha pamoja, umeshaizidi. Kwenye nchi za volti 120, soketi ya ampea 15 inaishia wati 1,800, na birika peke yake linaweza kuikaribia.

Maana yake kwenye jikoni yenye soketi mbili ni kwamba vifaa viwili vya kupasha joto visitegemee ekstensheni moja. Hesabu soketi, kisha hesabu vifaa vya joto. Namba ya pili ikizidi ya kwanza, kuna kifaa cha kuacha.

Angalia pia kwamba wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya maikrowevu ni za nguvu inayoingia kwenye chakula. Maikrowevu ya wati 800 inavuta zaidi ya hapo kutoka ukutani, mara nyingi 1,200 au zaidi. Namba ya kweli iko kwenye kibandiko cha nyuma.

Kuhusu birika, usilipe zaidi kwa ajili ya wati. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka digrii 20 kunahitaji kama yuniti 0.09 za umeme, uwe na birika la nguvu au la kinyonge. La wati 3,000 litakumalizia kazi kwa dakika mbili hivi, la 1,500 kwa dakika nne. Kama soketi zako ni chache, dakika hizo mbili unaweza kuzisamehe.

Hatua ya 5: Vishindanishe vinavyofanya kitenzi kimoja

Rudi kwenye karatasi ya vitenzi. Kwa kila kitenzi chagua kifaa kimoja, basi. Mgongano mkubwa uko hapa.

Kuoka na kukaanga bila mafuta mengi: kikaangio cha hewa ni oveni ndogo yenye feni kali, hakuna muujiza ndani yake. Kama tayari una oveni yenye feni, na unapikia watu wanne, kikaangio kitakuongezea boksi tu juu ya kaunta. Kama huna oveni kabisa na mko wawili, kinaweza kuwa oveni yako, na hapo oveni ndogo ya mezani yenye umbo la boksi inafaa kuliko kile cha droo, kwa sababu inaingiza mkate na sinia, na tosta utaiacha dukani.

Kupasha: maikrowevu haina mpinzani wa kasi, lakini inakalia karibu sentimita 50 za kaunta. Ukiwa nayo, ipandishe kwenye rafu imara yenye kina cha kutosha, isizidi urefu wa bega, usije ukashusha supu ya moto juu ya kichwa. Ile ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 340, kwa hiyo tusilalamike sana.

Kuchemsha kwa muda mrefu: kama karatasi yako imejaa maharage, nyama ngumu na mifupa ya supu, presha kuka ndiyo kifaa ninachokitetea kuliko vyote. Chini ya shinikizo maji huchemka kwenye digrii 115 hadi 121 badala ya 100, na saa mbili hugeuka dakika. Kwa anayeishi kwenye miinuko faida ni kubwa zaidi, kwani kila mita 300 unazopanda hushusha kiwango cha maji kuchemka kwa takriban digrii moja. Ile ya kuwekwa juu ya jiko haihitaji soketi wala kaunta. Ikiwa baridi ni sufuria kama nyingine. Ile ya umeme inaweza pia kupika wali na hata kupika polepole, na hivyo kuondoa vifaa viwili. Tahadhari: usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage na vitu vinavyotoa povu usivuke nusu. Na maharage mekundu usiyapike kwa mtindo wa polepole kuanzia mabichi. Yana sumu ya asili inayohitaji kuchemka kweli kweli, angalau dakika kumi, baada ya kulowekwa na kubadilishiwa maji, na joto la polepole huenda lisitoshe.

Kusaga: blenda ya mkono inaingia kwenye droo na inasaga ndani ya sufuria yenyewe. Blenda ya jagi ichague pale tu unaposaga vitu vikavu, barafu, au kiasi kikubwa kila siku.

Wali kila siku? Sufuria ya wali inastahili. Mara mbili kwa wiki? Tumia sufuria ya kawaida.

Kama huna jiko la kudumu, jiko la induksheni la sahani moja, lile linalopasha chungu chenyewe kwa nguvu ya sumaku, linafaa sana, kwa kuwa likipoa unalisimamisha wima kwenye mwanya wa sentimita kumi kando ya friji. Karibu asilimia 85 ya umeme wake huingia kwenye chungu. Ila jaribu sumaku kwenye kitako cha kila sufuria uliyonayo: isiposhika, sufuria hiyo haitapata moto.

Friji nalitaja kwa ufupi. Friji fupi na ndefu za upana mmoja hukalia sakafu ile ile, kwa hiyo chukua ndefu. Hakikisha bawaba za mlango zinaweza kuhamishwa upande wa pili, na acha mwanya wa hewa nyuma kama maelekezo yanavyotaka. Ndani iwe digrii 4, friza -18.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda na tepu na zile namba. Omba kifaa kitolewe kwenye kasha. Kiinue mwenyewe kwa mikono miwili. Fungua mfuniko hadi mwisho, upime kimo hapo. Pima waya, nyingi ni fupi, mita moja au chini.

Kisha hesabu vipande vya kuosha. Kifaa cha vipande saba kinachokuokolea dakika tano za kukata kitakudai dakika kumi za sinki, na sinki yenyewe ni ndogo. Uliza pia mpira wa mfuniko wa presha kuka, jagi la blenda, au kikapu cha kikaangio vinauzwa peke yake. Visipouzwa, siku kimoja kikivunjika umebaki na mota isiyo na kazi.

Ukifika nyumbani tunza kasha na risiti mpaka muda wa kurudisha uishe. Ndani ya muda huo kitumie kwa kitenzi ulichokinunulia, uweke alama kwenye karatasi ile ile mlangoni. Alama zikiwa chache kuliko ulivyotarajia, kirudishe kasha likiwa bado zima.